Mwaka Mizinga Iliposhuka Mitupu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya hamsini ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa mke kijana hapa Nchelenge, sijazaa bado, na bwana wangu Mulenga alikuwa mtu wa hasira za haraka. Baba yake, mzee Chisenga, alivua samaki kama wanaume wote wa ziwa Mweru, lakini moyo wake ulikuwa kwa nyuki. Mizinga yake ya magome ilitundikwa msituni, upande wa Mantapala, na asali yake ilijulikana mpaka Mununga.

Mwaka ule mizinga ilishuka mitupu. Si yake tu, ya kila mtu. Mwaka uliotangulia asali ilikuwa kidogo, watu wakasema ni mvua. Safari hii walikuta masega makavu na buibui. Njaa haikuwepo, samaki tulikuwa nao. Lakini asali ndiyo ilikuwa dawa ya kikohozi, ndiyo pombe ya harusi, ndiyo zawadi ya wakwe. Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu.

Wakampata Mwepu. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo na mkewe Kyungu, wakajenga kwetu, naye akatundika mizinga yake jirani na yetu. Kyungu alionekana sokoni akiuza asali. Hiyo ilitosha. Wakasema Mwepu amewavuta nyuki wetu kwa dawa.

Asubuhi hiyo niliwakuta vijana mbele ya nyumba ya Mwepu, bwana wangu akiwaongoza, kijinga cha moto mkononi. Mwepu alikuwa amesimama kando, wawili wamemshika. Kyungu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Hakulia. Alinitazama mimi tu, maana tulizoea kwenda kuchota maji pamoja.

Nikakimbia mpaka ufukweni, baba mkwe alikokuwa anashona wavu. Enzi zile, mwanangu, mke wa mtu hapazi sauti mbele ya baba mkwe wake. Hata kumtazama usoni ni shida. Mimi nilipiga kelele nikiwa mbali: "Tata, Mulenga anachoma nyumba ya mutu!"

Baba mkwe aliinuka mara moja. Aliacha wavu pale pale mchangani.

Alipofika, hakugombeza. Alimwuliza mwanawe, "Mutoto yangu, umefungua mizinga ya Mwepu?"

"Hapana, tata. Lakini bibi yake anauzisha asali."

"Basi twende tufungue. Ukikuta asali, utachoma, na mimi mwenyewe nitakuletea kuni."

Tukaenda sote. Mwepu mwenyewe alipanda mitini, akashusha mzinga mmoja baada ya mwingine, akaifungua mbele ya macho yetu. Mitupu. Wa mwisho ulikuwa na nyuki wachache waliokauka, wamelala chini kama maganda ya mtama.

"Ile asali ya sokoni ni ya shemeji yangu wa Kilwa, kule ng'ambo ya ziwa," akasema taratibu. "Niliona haya kuwaambia kwamba mizinga yangu pia imekufa."

Hapo ubishi ukahamia kwingine. Mmoja akasema ni kuni za kukaushia samaki, tumeimaliza miti yenye maua. Mwingine akasema ni moto wa mwisho wa kiangazi, unaounguza mpaka matawini. Mwingine akataja dawa ya mbu iliyopulizwa vijijini. Mzee mmoja akasema ni sisi wenyewe, tunawafukuza nyuki kwa moto na kuchukua masega yote, hata yenye watoto wa nyuki.

Baba mkwe aliwasikiliza mpaka wakachoka.

"Miye siyui," akasema. "Labda ni moja, labda ni yote. Lakini wewe Mulenga ulishajua, na ulikuwa haujafungua hata muzinga moja. Muombe huyu mutu musamaha."

Mulenga alipiga magoti akapiga makofi kwa heshima, na Mwepu akaitikia. Lakini kabla ya mvua, Mwepu na mkewe walipakia vitu kwenye mtumbwi wakarudi ng'ambo. Kyungu aliniachia mtungi wake.

Baba mkwe aliomba sehemu ya msitu isikatwe. Moto wake wa kuchoma nyasi aliuwasha mapema, majani yangali mabichi, na kila mzinga aliuachia masega. Nyuki walirudi, lakini si kwa wingi ule. Mpaka anakufa aliendelea kusema hajui sababu.

Nakuambia haya kwa kuwa nyuki wanapungua tena, na nasikia mnavyonyosheana vidole. Yale yaliyo mikononi mwako, yafanye: acha mti wenye maua, acha sega la watoto, usiwashe moto wakati wa upepo mkali. Usilolijua, sema hulijui, kisha uende ukatazame. Nyuki wanaweza kurudi. Jirani uliyemtisha, hata akikusamehe, hatalala tena usingizi karibu nawe.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe subira ya kutazama kwanza, na watu wafurahi kujenga karibu na nyumba yako.