Yule Aliyekula Lengalenga

Siku ya Mungu, mwezi wa kumi na moja. Wakati wa misa mvua ilipiga mabati mpaka padri akanyamaza katikati ya mahubiri, akangoja ipungue. Saa saba jua likatoka, njia yetu ya Kadutu ikaanza kutoa mvuke kama sufuria.

Nina hasira, na mutu mwenye hasira haandiki sawa. Tena sikusoma sana, niliachia mwaka wa sita wa primere. Basi nitajaribu kuandika kila mutu alivyosema, hata pale maneno yake yananishinda.

Mimi ni fundi viatu. Alhamisi shemeji yangu, mudogo wa bibi yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili anayelala kwetu, aliniletea buti.

"Shemeji, nipigie soli ya tairi. Ya kutembea mbali."

"Mbali wapi?"

"Kamituga. Naenda kutafuta dhahabu."

Ningemwamini, vijana wengi wanakwenda kuchimba kule. Lakini wiki nzima alikuwa anasukuma lengalenga, ule mchicha wetu, pembeni ya sahani, anasema tumbo linamsumbua. Na watu akawa anawasalimia kwa kuinua mkono tu, hamshiki mutu. Tumbo la namna hiyo mimi nalijua. Nilikuwa nalo nikiwa na miaka kumi na tisa, kule pori la Mwenga, ndani ya kikundi cha vijana waliosema wanalinda vijiji vyetu. Kabla ya vita tulinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zitupite. Dawa ilikuwa na miiko yake: usile lengalenga, usipeane mkono. Aliyepigwa risasi, walisema amevunja mwiko. Kwa hiyo dawa haikukosea hata mara moja.

Buti niliziweka chini ya meza ya kazi, sikuzigusa.

Leo baada ya misa tulikaa kwa tonton, baba mudogo wa bibi yangu, mwalimu aliyestaafu. Wanaume wanakutana pale kila siku ya Mungu, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kupigana vita kwa mdomo. Tonton anatunza vifuniko vya chupa za bia ndani ya kopo la maziwa. Anavimwaga mezani, vinakuwa majeshi.

"Hawa batashuka toka kijiji cha Miti," alisema, akisukuma vifuniko vitano. "Bengine banapanda toka Sange. Siku mbili tu, vita imeisha."

"Na mvua, tonton?" niliuliza.

"Mvua inanyeshea kila mutu."

Wakacheka. Pikipiki ikapita barabarani, tonton akashusha sauti na kufunika majeshi kwa kofia yake. Ilipokwenda, akafunua, vita ikaendelea.

Niwe mwenye haki. Nyumba yake ya Sange ilichomwa, na alikuwa ameijenga kwa mshahara wa mwalimu, tofali kwa tofali. Yeye ndiye aliyemsomesha bibi yangu. Kukasirika ni haki yake.

Lakini akaweka mkono juu ya bega la shemeji. "Huyu sasa ni mwanaume. Familia hii ilikosa mwanaume muda murefu." Kisha akaniangalia. "Ama namna gani, fundi? Weye kule pori ulipigana, ama ulikuwa unabashonea viatu?"

Wote walicheka. Shemeji naye alicheka, na hicho ndicho kilichoniumiza. Nikachukua kifuniko kimoja.

"Tonton, hiki ni nani?"

"Hicho ni askari mia moja."

"Mimi nitakuambia habari ya mmoja."

Nikasema jambo ambalo hata bibi yangu halijui. Nilikuwa na rafiki, tulitumia blanketi moja. Siku tatu hatukuwa tumekula. Tukapita kwenye shamba la mama mmoja muzee, akatuonea huruma, akatupa lengalenga ndani ya jani la mugomba. Rafiki yangu alikataa, aliamini mwiko. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikala sehemu yangu na yake, nikalamba jani. Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Tukanyunyiziwa maji, tukaambiwa tutembee wima, tukiimba. Risasi ilimpata kwenye taya. Hakufa palepale. Alikuwa ananiita bila mdomo, hatua nne toka nilipolala nyuma ya gogo. Nilikuwa nimejikojolea. Sikwenda.

Jioni mukubwa wetu akauliza nani alikula kilichokatazwa. Nilinyamaza. Wakasema basi ni yule marehemu. Wakamtumia mama yake neno: mutoto wako ameuawa na ulafi wake. Yeye aliyekufa tumbo tupu!

Tonton akaninyang'anya kile kifuniko, akasema polepole, "Kumbe ni weye. Ulivunja mwiko, mwenzako akalipa."

Mutu aliyefundisha hesabu miaka thalathini.

Jirani yake akaongeza, "Ndiyo maana tunashindwaka. Nidhamu hakuna."

Nilipiga meza, majeshi yote yakaanguka chini. "Tonton, aliyekula ni mimi, na mimi ndiye niko muzima! Kama vita ni ya siku mbili, nenda weye. Siku ya tatu utatuelezea!"

Si maneno ya kumwambia muzee ndani ya nyumba yake. Kwa hayo nitaomba msamaha. Kwa mengine, hapana. Akainama kuokota vifuniko vyake, akawa anavihesabu kimoja kimoja, anakosea, anaanza upya. Labda na yeye anaogopa. Sikumsaidia kuokota.

Njiani shemeji alitembea nyuma yangu mpaka karibu na mlango, ndipo akaniuliza.

"Shemeji, ile ya kujikojolea ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na zile lengalenga, zilikuwa tamu?"

"Zilikosa chumvi."

Alicheka kidogo, ama alikohoa, sijui.

Sasa ninapoandika najiuliza kama nilisema ili kumuokoa yeye, ama ili nipumzike mimi. Mama wa rafiki yangu ndiye aliyestahili kusikia kwanza. Nasikia bado yuko hai. Miaka hii yote najua njia ya kufika kwake, na sijaenda. Basi na mimi nimekaa kwenye kiti kama wale, nikiwatukana wanaokaa.

Buti bado ziko chini ya meza, bila soli. Nikiulizwa, nitasema tairi imekwisha.

Nilimwomba bibi yangu apike lengalenga. Akasema maharagwe yamekwisha kuiva. Nikasisitiza, akaguna, akaenda kununua fungu mbili kwa jirani. Tulipokaa, shemeji aliiangalia sahani muda murefu. Tonge la kwanza alikula kavu, na la pili kavu. La tatu alilichovya ndani ya lengalenga.

"Juu ya nini munaangaliana hivyo?" bibi yangu aliuliza. Shemeji akakata tonge lingine. Sijui kama kijana aliniamini, ama ni njaa tu. Tulikula bugali, lengalenga na dagaa za sambaza kidogo, na maharagwe tukayaacha ya kesho.