Firimbi Chini ya Kitanda

Ile asubuhi ya mvua mjini Butembo naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mjukuu wangu, na babu yako asinisikie. Niliimba mpaka sauti ikakauka, na sikuimba kwa furaha. Niliimba ili askari mwenye bunduki asisikie wanyama tuliokuwa tumewaficha chini ya kitanda. Kaa karibu nikueleze, maana hata leo nikiikumbuka nataka kusimama nicheze.

Ilikuwa wakati wa vita huku Kongo yetu. Leo mji unashikwa na hawa, kesho na wale, na wote walikuja na njaa. Baba alikwisha kufa. Sisi wengine tulikuwa tumekimbia kutoka Mbau: mimi, wadogo zangu, mama, na koko, yaani mama yake mama. Watu wa kanisa walituazima chumba kimoja na jiko la udongo. Mama alilima mashamba ya watu, na alichopata mchana ndicho tulichokula jioni. Ikinyesha kutwa nzima, tulilala njaa.

Ndipo chama cha akina mama pale kanisani kikatupa kobayi, dume na jike. Kobayi unawajua, wale wanyama wadogo wa manyoya, hawana mkia, wanakula majani na kuzaa bila kuchoka. Jirani mmoja alicheka mpaka akashika mbavu: wakimbizi wamepewa panya! Hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa natarajia gunia la unga. Koko peke yake hakucheka. Aliwaweka jikoni penye joto akaanza kuwakatia majani. Akina mama wa chama walikuja mara kwa mara wakatufundisha: majani yenye umande yaanikwe kwanza, wanyama wasiharishe, na mavi yao yapelekwe kwenye bustani ya lengalenga, ule mchicha wetu.

Wee! Lengalenga ile ilistawi hadi wapita njia wakasimama kuiangalia. Na sisi watoto, kila kulipokucha tulikimbilia jikoni kuona kama kuna waliozaliwa. Mtoto wa kobayi anazaliwa na manyoya yake, macho wazi, na siku hiyohiyo anakimbia! Mama akauza mboga, akanunua chumvi na sabuni kwa pesa yake mwenyewe. Alikuja akiinusa ile sabuni njia nzima, akatupitishia sote tuinuse. Sijawahi kumwona mama mwenye furaha namna ile.

Chama kilikuwa na sharti moja. Wanyama wako wakizaa, unatoa dume na jike kwa familia inayofuata. Zamu yetu ilipofika, aliyekuwa akingoja ni mjane mmoja wa Vuhovi, Mama Kahindo, ambaye hatukumjua kabisa. Mama akaanza kusita. Alitaka kuwauza wote anirudishe shuleni.

"Lakini mama," alimwambia koko, "tukigawa hivi, siye tutabakia na nini?"

"Tutabakia na batu," koko akajibu, maana kwake watu ni batu. "Kobayi inaweza kuibiwa. Batu benye banakukumbuka, nani atabaiba?"

Mama akachukua jembe lake akatoka. Hakuwa amekubali, lakini nyumbani kwetu neno la koko halikujibiwa.

Basi siku ya kutoa ikafika, na mvua yake. Koko alikwisha kuwachagua dume na jike, na Mama Kahindo alikuwa njiani anakuja. Mara tukasikia jirani anapiga kelele nyuma ya ua: "Banakuya! Mufiche bitu!" Askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wanakamata mbuzi na kuku. Tuliwabeba kobayi wote mbiombio, tukawasukuma chini ya kitanda, tukashusha blanketi mpaka sakafuni.

Askari aliyeingia alikuwa amejifunika plastiki kubwa kwa ajili ya mvua. Kila alipogeuka, ile plastiki ilichakarika kama majani. Na kobayi, mwanangu, akisikia majani anajua chakula kimefika. Wakaanza wote kwa pamoja: wiii! wiii! wiii!

Askari akasimama. "Nani iko napiga firimbi humu?"

Koko akaweka mkono kifuani, taratibu kabisa.

"Ni kifua yangu, mutoto yangu. Tangu tulikimbia Mbau, iko nalia hivi."

Akakohoa kikohozi ambacho sijapata kukisikia tena. Kisha akapaza sauti, akaanzisha wimbo wa kanisa. Mama akaupokea, mimi nikaupokea, wadogo zangu wakapiga makofi. Majirani wa pande zote wakadhani koko anakata roho, wakaanza kuimba nao huko kwao! Na wale kobayi hawakunyamaza, walipandisha sauti pamoja na sisi.

Askari alirudi nyuma akiziba mdomo kwa mkono. "Koko, enda ku hospitali," akasema. Akabeba sufuria yetu ya maharagwe, akatoka.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Chakula cha siku kilikuwa kimekwenda, na bado tulicheka. Mama Kahindo alipofika, amelowa chapachapa, mama mwenyewe ndiye aliyemkabidhi kikapu mbele ya akina mama wa chama. Yule dume alikuwa na doa jeupe usoni. Tulicheza pale matopeni, hata koko na kifua chake.

Lakini baada ya miezi kadhaa askari walirudi, na safari hiyo hapakuwa na wimbo wa kutusaidia. Tulikimbilia porini. Tuliporudi, blanketi, jembe, kobayi, hata lengalenga, vyote vilikuwa vimekwenda. Mama alikaa kwenye mlango wa jiko. Kimya cha jiko lile kiliniumiza kuliko njaa.

"Tumerudia palepale," alisema.

Siku hazikupita nyingi, tukaona mwanamke anashuka kilima, mkanda wa kikapu umemkaa kwenye paji la uso. Alikuwa Mama Kahindo, ametembea kutoka Vuhovi.

"Nilisikia balibeba bitu yenu yote," akasema.

Akashusha kikapu. Kabla hajakifungua, kikalia: wiii! Ndani mlikuwa na dume na jike, na yule jike alikuwa na doa jeupe usoni kama la baba yake, dume tuliyemtoa sisi. Mama alimkumbatia yule mjane, akicheka na kulia pamoja. Koko hakusema, "Nilikwambia." Alipiga vigelegele tu, vikasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kwa hao kobayi tulipata mbuzi, kwa mbuzi tukakodi shamba, na mimi nikarudi shuleni, mkubwa kuliko wenzangu wote darasani. Hatukungoja tena gunia la mtu.

Sasa, mwanangu, juzi nilikusikia unasema kile chama kinapoteza wakati na wanyama wadogo. Nisikilize. Wenye bunduki waliweza kuimaliza nyumba yetu, lakini kilichokuwa kimegawanywa kwenye majiko ya watu hawakukifikia. Nenda ukawasaidie wale akina mama. Ukiwa na pesa, toa. Ukiwa huna, mikono unayo: jenga vibanda, kata majani, kaa na yule aliyefika jana mpaka ajue kutunza alichopewa. Mpe mtu kitu kitakachozaa, nawe umwamini kwamba atasimama. Vyako vikizaa, toa mapema, kabla moyo haujaanza kusita. Na siku ya kupewa wewe ikifika, pokea bila haya.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Akupe watu wa kukukumbuka siku utakapobaki mikono mitupu. Na jiko lako, mwanangu, lisikose makelele hata siku moja.