Utani Nilioutia Kitabuni

Barua ya mhariri ilinikuta nyumbani Morogoro, nikaisoma nimesimama kwa hasira. Kitabu changu cha zamani, habari za utoto wangu milimani Uluguru, kilikuwa kinachapishwa upya, naye alitaka ukurasa mmoja ulainishwe.

Ni ule wa mazishi ya mume wa mama yangu mkubwa. Mtani wa ukoo wetu, ambaye kwa mila ana ruhusa ya kututania hata msibani, aliingia kaburini, akajilaza humo, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Kisha akamnyooshea kidole mjane. "Mama huyu kamla mumewe, na sisi wengine atatumaliza." Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama mkubwa naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie, akamtoa jogoo.

Niliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa, bila kueleza kwamba msemaji alikuwa mtani. Nani asiyejua? Nikamjibu mhariri kwa ukali kwamba siku hizi mnavichuja vitabu mpaka vinabaki maji, na kwamba mimi sifuti hata nukta. Ili nimkomeshe kabisa, nikapanda bodaboda hadi Mlali, kisha nikapandisha mlima kwa miguu, nikamwombe mama mkubwa aseme kwa mdomo wake kwamba habari ile haimsumbui.

Nilikuta mlango umefungwa, na jua la saa sita limewaka. Nilibisha, kimya. Niliposema shikamoo akaitambua sauti yangu, ndipo komeo likavutwa. Alikuwa amekonda, macho mekundu kwa moshi, maana sasa anapikia ndani. Niliogopa kabla hajasema lolote. Nchi hii vikongwe wameitwa wachawi na kuuawa kwa macho mekundu tu.

Akanieleza taratibu. Mtoto wa jirani alifariki wakati wa masika. Baada ya hapo mtu akaupiga picha ule ukurasa kwa simu, ukazunguka kijiji kizima. Wanaousoma wengi ni vijana na wahamiaji, hawajawahi kuona mtani akilala kaburini. Akienda kisimani, wenzake wanajitwisha ndoo na kuondoka. Juzi bati lake lilipigwa mawe mchana kweupe.

Nikasema twende kwa yule mtani, akawaeleze.

"Mtani alikufa mwaka juzi," akasema. "Yeye alisema, tukacheka, yakaishia palepale kaburini. Wewe mwanangu ukayaandika."

Niliona aibu na hofu. Nikampigia mhariri palepale, nikamwambia afute ukurasa wote. Akajibu kwa upole kwamba hamna shida, toleo jipya halitakuwa nao. Mama mkubwa alikuwa akisikiliza.

"Na vile vitabu vya zamani?" akaniuliza.

Nilimsihi tushuke wote mjini. Akakataa, kwa kuwa akiondoka watasema amekimbia. Nikamwahidi kurudi kesho yake na kaka zangu, nikasubiri nje mpaka nisikie komeo limerudi mahali pake, kisha nikashuka.

Karibu na barabara nilikutana na mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika ile habari ya bibi wa kule juu. Nikamwambia ulikuwa utani tu wa msibani, na sote tulicheka.

Hakucheka. Alimhamishia mtoto kifuani, akapita.