Mti Kwenye Baiskeli ya Kike

Nikisikia harufu ya mpira wa tairi uliokatwa, narudi kwenye ua wetu wa udongo mwekundu, Karatu. Siku hizo baiskeli zilikuwa adimu, na baba alikuwa amepata ya kike, ile ambayo bomba lake la juu limeinama ili mwenye sketi apande. Wanaume wa kilabuni wakamwita "shangazi". Baba akachonga mti, akaufunga kwa vipande vya mpira pale linapopita bomba la baiskeli ya kiume. Mafundo niliyakaza mimi, kwa bidii ninayoijutia mpaka leo.

Asubuhi moja baba alipata lifti ya lori kwenda kijiji cha Daa. Huku nyuma mdogo wangu akashikwa na homa kali, macho yakageuka. Mama alijua kuendesha tangu usichana wake kwa masista. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika usukani, mguu ukagonga mti.

"Lete panga."

"Mama, baba atatuchapa!"

"Aanze na mimi. Lete!"

Akakata mipira, mti ukaanguka. Akapanda, akateremka kuelekea zahanati, sketi ikipepea kwenye vumbi.

Jioni baba alitukuta uani. Mdogo wangu alikuwa amechomwa sindano, amelala. Baba aliusogeza mti kwa kiatu, akainama kugusa paji la mtoto.

"Ulifikaje na kiti kilicho juu hivi, mama watoto?"

"Nilifika tu."

Baba akaniagiza spana. Akachuchumaa, akakishusha kiti mpaka kikamfaa mama.