Dada Fizi na Kinywa cha Mama Yake

Jina la Dada Fizi hakupewa na wazazi wake, na waliombandika walidhani wanamkomoa. Ni wauza mboga wa sokoni. Siku ya kwanza alifika pale na taya la plastiki kwapani na mswaki mkubwa kama mwiko, akapanda juu ya kreti ya soda, akawaambia watu wazima wenye wajukuu kwamba hawajui kupiga mswaki. Alianza na fizi, akarudia fizi, akamalizia na fizi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku hiyo akipita tu, wanaitana: Dada Fizi huyo! Mwingine angebadilisha njia. Yeye alikwenda kwa fundi cherehani, akatariziwa jina hilo kwenye mfuko wa koti lake jeupe, kwa uzi mwekundu, ili hata wenye macho mabovu walione.

Ndivyo alivyo. Ukimsukuma kulia atakwenda kushoto, na ukimfuata huko atakuuliza mbona umechelewa.

Katika hospitali alikofanya kazi, watu walijua dawa moja tu ya meno, nayo ni koleo. Jino linauma, ng'oa. Linatikisika, ng'oa. Halijafanya kosa lolote ila liko jirani na linalouma, hilo nalo ng'oa, usumbufu wa nini. Foleni ya daktari wa meno ilifika kwenye ngazi. Chumba cha Dada Fizi kilikuwa mlango wa pili: kiti kimoja cha kulalia, taa yenye shingo ya kupinda, beseni, na kimya. Kazi yake ilikuwa kukwangua ugaga, ule uchafu mgumu unaoshika kwenye shina la jino kama ukoko kwenye sufuria, kusafisha hadi chini ya fizi, kisha kumfundisha mtu kuuondoa ukoga kila siku kabla haujawa jiwe. Lakini nani anayepanga foleni kwa ajili ya ugonjwa ambao bado haujamwuma?

Basi akawa anaiba wagonjwa. Ndiyo, anaiba, tena mchana kweupe. Anatoka koridoni, anaikagua foleni ya mwenzake, anamchagua mtu, anamwambia njoo kwangu, mimi sing'oi kitu. Wengine walimfuata kwa sababu walichoka kusimama. Wakatoka wakilamba meno yao kwa ulimi, wameshangaa, maana wengi walikuwa wamesahau kwamba jino lina mgongo laini. Daktari wa meno, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, aliona wizi huo akauachia. Baadaye akaanza kumpelekea wagonjwa yeye mwenyewe: huyu msafishe kwanza, halafu tutaona kama kuna haja ya kung'oa. Mara nyingi haja haikuwepo.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Kaka yake mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari, alimtambulisha kwa wageni kama mdogo wangu anayechokonoa vinywa vya watu. Mjomba wao alikuwa na meno ya bandia juu na chini, na kwenye kila shughuli ya ukoo aliyavua mbele ya kadamnasi, akayainua kwenye mwanga, akatangaza kwamba tangu ang'oe yote hajui maumivu ni mnyama gani. Watoto walipiga makofi. Dada Fizi alimjibu mbele ya watu haohao kwamba na mguu nao ukikatwa hauumwi kidole. Kila mtu alipewa kidonge chake siku hiyohiyo.

Mtu mmoja tu hakuweza kumjibu, kwa sababu hakusema kitu, naye ni mama yake. Zamani mama huyu alikuwa mtu wa kicheko. Akicheka uani, jirani anacheka chumbani kwake bila kujua sababu. Lakini miaka ya kazi ya bintiye ilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kupoa. Binti akija kusalimia, mama anageuza uso. Anajibu akiwa amejiziba mdomo kwa pindo la mtandio, anakaa kiti cha mbali. Binti akitaka kumkumbatia, anampa bega, upesiupesi, kisha anakumbuka ameacha kitu jikoni.

Dada Fizi aliumia, na alipoumia alifanya hesabu ya mtu aliyeumia. Alijiambia: mama alitaka niwe mwalimu, sasa anaona haya kuwa na mtoto wa kukwangua vinywa. Haya, kama hanitaki na kazi yangu, basi. Akapunguza kwenda, na mama hakuuliza mbona huji. Hivyo ndivyo wakaidi wawili wa damu moja wanavyopoteza miaka mizima wakiwa mji mmoja.

Kisha ukaja mkutano. Watu wa kazi yake wako kila pembe ya dunia, ingawa ukoo wake haukuamini, na mwaka ule walikutana katika mji wa ng'ambo, yeye akachaguliwa kwenda. Alikuta ukumbi umejaa watu wa kila rangi, na wote wanalia kilio kimoja: wagonjwa wanakuja wakiwa wamechelewa, chumba chetu ndicho kidogo, bajeti ikipungua tunakatwa sisi kwanza. Alijisikia amefika kwao. Aliposimama kuuliza swali alijitaja kwa jina la Dada Fizi, akaeleza maana yake, na ukumbi ukampigia makofi.

Siku ya mwisho akapanda jukwaani bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyeianza kazi hii enzi za kuchemsha vifaa kwenye sufuria. Akauliza swali dogo: nani kati yenu amewahi kumsafisha mama yake meno? Mikono michache sana ikainuka, hapa na pale. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Yule bibi hakuwahubiria. Alisema wagonjwa wa nje wanatuogopa kidogo, lakini wa nyumbani wanatuogopa zaidi, kwa kuwa tunajua tunachokiona. Kisha akaendelea na mambo ya maji na sukari. Dada Fizi hakusikia tena hata neno moja.

Aliporudi nyumbani, hata begi hajafungua, kaka akapiga simu, sauti imejaa furaha. Alikuwa amemwandalia mama zawadi: Jumatatu anang'olewa meno yote, halafu fundi wa meno ya bandia, yuleyule wa mjomba, anamtengenezea seti mpya inayong'aa. Meno yenyewe yanacheza, fizi zinatoka damu, nyama hali tena. Dada Fizi alipoanza kubisha, kaka alimkata kauli.

"Unashinda kwenye vinywa vya watu baki, mdogo wangu," alisema. "Cha mama hujawahi kukitazama. Sasa mimi nakitazama."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Asubuhi alimvaa daktari wa meno kabla hajavaa hata koti. Alimtaka akatae. Daktari alimsikiliza mpaka akamaliza pumzi, ndipo akamweleza polepole. Alikuwa amemwona mama. Meno mawili matatu ya nyuma yamekwisha, hayo hayana mjadala. Mengine yote yanaweza kubaki, kama yatasafishwa hadi chini na kama mwenyewe atayatunza. Alimwambia hivyo mama kwa mdomo wake, na mama akasema la, bora yaondoke yote.

"Kinywa ni chake," daktari alisema. "Siwezi kumfungia mtu mzima mlango kwa sababu binti yake yuko chumba cha pili. Na kuna jingine. Alichagua kuja wiki ambayo wewe hupo, akaniomba nisikwambie."

Dada Fizi alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mgonjwa mmoja akamwuliza kama na yeye amekuja kung'olewa. Akamwambia azibe mdomo wake kabla hajaanza kuukagua. Lakini sauti haikuwa na ukali wa kawaida.

Jumapili mchana alikwenda kwa mama yake, amejaa hasira mpaka kooni. Alimkuta chumbani anakunja nguo alizozianua. Mama alimwona, mkono ukaenda wenyewe kwenye mtandio, kama kawaida. Safari hii binti hakukaa kiti alichoonyeshwa. Alikaa kitandani, kando ya mama, goti kwa goti, akamwuliza kwa nini amemficha. Ni haya? Kazi yangu inakuaibisha kiasi hicho, hata wageni wanakuona kinywa na mimi unanifungia?

Mama alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kazi yako?" alisema nyuma ya kitambaa. "Mimi nilikuwepo sokoni siku ile. Nilikuja na kikapu changu, nimesimama nyuma, nimejaa fahari, nawaambia watu huyo ni wangu. Ukasema kinywa kinachonuka ni kinywa cha mvivu. Kila mtu alicheka. Mimi nikafunga mdomo, mwanangu, na sijaufungua mbele yako tangu siku hiyo."

Akaeleza na mengine, maneno yakitoka kwa shida. Fizi zilianza kutoa damu kitambo. Kila akipiga mswaki, sinki linakuwa jekundu, akaogopa, akaona anajiumiza. Basi akaacha kugusa panapotoka damu. Kila mwezi sehemu ya kuacha ikawa kubwa zaidi, hadi mswaki ukabaki kugusa meno ya mbele tu. Ndipo harufu ilipokuja kukaa. Aliisikia mwenyewe. Akaanza kulala ameelekea ukutani, akaacha kuwabusu wajukuu, na bintiye mwenye pua ya kazi akamkalisha mbali kuliko wote.

Wagonjwa wangapi Dada Fizi amewaambia kwamba fizi inayotoka damu ndiyo inayoomba kupigwa mswaki zaidi, taratibu, lakini zaidi? Soko zima analijua somo hilo. Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni aliyemfundisha yeye kushika mswaki. Dada Fizi alilia hapohapo, bila aibu, machozi yakidondokea mashati safi. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati la kaka yake, akarudi kuwa yeye.

"Mama, nilikosea. Maneno yale yalikuwa ya kijinga na nitayafuta juu ya kreti ileile," alisema. "Lakini nikuambie kitu. Ningekuwa mtu wa kukimbia harufu, ningeuza marashi. Vinywa vinavyonuka ndivyo vinavyonilisha mimi."

Mama alitaka kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka, kile cha zamani, na mkono ukasahau mtandio. Binti hakuyatolea macho meno. Alimtazama machoni, akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana, na hakurudi nyuma. Akamwambia kesho aje akae kwenye kiti chake, amfungulie kinywa.

Mama alisema mtoto hamwamrishi mama yake afungue mdomo. Yeye ndiye aliyeufungua mdomo wa mtoto huyu akautia kijiko. Dada Fizi akajibu kwamba haamrishi, anaomba.  Mama alisema kaka yako ameshahangaika, tutamwambia nini. Akamaliza kukunja nguo, akamfukuza binti aende akapumzike na safari yake.

Jumatatu Dada Fizi alisimama mlangoni kwake, glavu mkononi, na hakwenda kuiba mgonjwa yeyote. Mama akaja akiwa amevaa vizuri, kaka pembeni, na fundi wa meno ya bandia nyuma yao na kibegi chake. Wakafika kwa daktari. Foleni nzima ikampisha mama kwa heshima ya umri. Daktari akafungua mlango. Mama akamsalimia, akamwuliza hali ya watoto, akampita. Akatembea hadi mlango wa pili, akamtazama mtu mwenye jina jekundu mfukoni, akaingia, akapanda kwenye kiti bila kushikwa mkono.

Huko ndani hakukuwa na miujiza. Kulikuwa na sindano ya ganzi, maji, damu, na chuma chembamba kinachokwangua kitu cha miaka. Dada Fizi alianza na upande wa chini kulia, maana kinywa kama hicho hakisafishwi siku moja. Alieleza kila anachofanya kabla hajakifanya, kama anavyomweleza mtu baki. Vipande vya ugaga viligonga beseni. Mama alishika pindo la koti la binti yake, akalifumbata ngumini, hakulia wala hakuomba kupumzika. Kwenye fizi zile zilizovimba binti aliona kila usiku ambao mama yake alilala ameelekea ukutani. Aliendelea kukwangua, machozi yakilowesha barakoa.

Mlango ukafunguliwa. Kaka alichungulia, uso umemkunjamana, sauti ya mtu anayejaribu kuwa na subira. Aliuliza hiki ni kitu gani sasa, daktari ameshaita mwingine, fundi wa watu amekaa nje anasubiri, na mama umri huu anateswa na vyuma kwa ajili ya meno ambayo yataanguka tu. Akamwambia mdogo wake aache ukaidi. Jibu hilo halikuwa la Dada Fizi kulitoa. Alizima mashine ya maji, akasubiri.

Mama aliinua kichwa. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umekufa ganzi, mwingine una pamba nyekundu. Aliitoa pamba kwa vidole viwili, akaiweka kwenye beseni, akamgeukia mwanawe wa kwanza bila kujiziba na kitu chochote.

"Mwambie fundi akatafute kinywa kingine," alisema. "Hiki kina wenyewe."

Kisha akalala tena, akafungua kinywa kwa upana wake wote.