Pikipiki ya Sindano Iliyokataa Kusimama

Dada yangu mdogo tunamwita Sindano. Kwanza kwa sababu ni mwembamba, pili kwa sababu ni fundi cherehani, tatu kwa sababu ulimi wake unachoma. Hiyo ya tatu nimeiongeza mwenyewe na nina haki, maana nimechomwa kuliko ndugu wote. Dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama mteremko, na asubuhi zenye ukungu barabara ile huonekana kama kitambaa cheupe kilichoteleza mezani, kikaenda kujikunja chini kabisa, mbele ya nyumba ya mama yetu.

Nguo zikiisha kushonwa, Sindano anazifunga nyuma ya pikipiki yake na kuwapelekea wenyewe. Anaendesha kama anavyoshona: polepole, macho mbali, akipima pindo ambazo mwingine hazioni. Nimewahi kupishana naye nimebeba godoro kichwani, nikampigia mluzi, na kesho yake akaniuliza nimepotelea wapi siku hizi.

Alasiri kazi ikipoa humpitia mama. Macho ya mama yamekwenda, yamebaki mwanga na kivuli. Redio ameichoka, na wageni humsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba kilichopotea ni masikio. Raha yake iliyobaki ni kukaa nyuma ya Sindano, mikono kiunoni mwa bintiye, wapande hadi juu, wageuze, washuke na upepo. Akirudi husema ameona. "Leo nimeona mvua inakuja." "Leo nimeona wamekata ule mti wa kwenye kona, hewa imebadilika pale." Hatubishani naye, maana ukienda kwenye kona mti kweli haupo.

Shida ikawa kusimama. Breki ya nyuma iligeuka laini kama ahadi ya seremala. Sindano anakanyaga pedeli hadi mwisho, gurudumu linaendelea na safari zake. Ya mbele ilikuwa nzima, lakini nani ataibana kwa nguvu kwenye kokoto, mteremkoni, na mama yake mzazi mgongoni? Basi wakawa wanafika langoni, wanapita, wanaingia kwenye uzio wa majani wa jirani, ndipo wanasimama. Mama alidhani ndio utaratibu. "Nikisikia majani," alikuwa akisema, "najua tumefika."

Siku moja kaka yetu mkubwa, mtu wa suruali zenye mstari wa pasi, alikuwa amesimama langoni walipopita. Akawafuata kwenye majani, akamshusha mama, akamtoa kijiti kwenye kitambaa cha kichwa.

"Mama hapandi tena hiki kitu," alisema bila kupaza sauti.

"Kaka, nitaitengeneza."

"Kila siku unaitengeneza. Ikisimama hapa langoni, na mimi naona, atapanda. Isiposimama, atakaa barazani."

Mama alikwenda kukaa barazani, uso ameuelekeza barabarani, na kila pikipiki ikipita shingo yake inaifuata taratibu hadi mlio unapokwisha. Shingo ile ndiyo iliyonitoa kwangu na spana.

Sasa bila majivuno: mtaa huu hakuna anayejua pikipiki kama mimi. Shule niliiacha katikati, au yenyewe iliniacha, bado hatujakubaliana, ila gurudumu nikilisikiliza linaniambia hadi lilichokula jana. Viatu vya breki, zile nusu mwezi mbili zinazobana kutoka ndani ya gurudumu, nilikuwa nimevitia vipya mimi mwenyewe. Kila ikilegea naitwa, nakaza nati.

"Umekaza tena?" Sindano aliniuliza.

"Kazi ya nati ni kukazwa."

"Na kazi ya fundi?"

Nikaona hapa nisijibu, nifungue. Nikalitoa gurudumu uani kwa mama. Vile viatu vilitoka vyeusi, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mama akanyoosha mkono apewe kimoja, maana hapendi kazi ifanyike karibu naye bila yeye kushika kitu. Akakipitisha puani.

"Mafuta ya cherehani," alisema.

Tukamgeukia Sindano wote wawili, mama kwa masikio.

"Si naitunza?" alisema. "Kila nikipaka mashine, naipaka na pikipiki. Kila tundu tone."

"Hata hapa?" Nikamwonyesha mahali ambapo kile chuma cha kusukuma breki kinaingia ndani ya gurudumu.

"Hapo zaidi. Palikuwa panalia."

"Dada, cherehani inaishi kwa kuteleza. Breki inaishi kwa kukwaruza. Wewe umeilainisha hadi imesahau kazi."

Mama alianza kucheka hadi tumbo linatikisika, bila sauti. "Msimguse mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia chochote kinachozunguka kipe tone."

Viatu vilivyokunywa mafuta havioshwi vikapona, kwa hiyo nikaleta vingine. Ndani ya gurudumu nikafuta kwa petroli, nikapitisha msasa hadi ule mng'ao ukafa. Kile chuma nikakichomoa, nikakipaka grisi kidogo sana, ya ncha ya kidole tu. Halafu ikaja siri yangu, ambayo mafundi wenye haraka hawaijui: kabla ya kukaza ekseli, ile fimbo ya chuma inayoshika gurudumu, mtu abane pedeli kwa nguvu, ili viatu vijipange sawasawa katikati. Mimi nina spana, Sindano ameishika pikipiki wima.

"Nipeni hiyo pedeli," mama alisema.

Tukamsogezea kigoda. Akaibana kwa viganja vyote viwili, kama anayezuia mlango, nami nikakaza huku nikizisikia pumzi zake.

Sindano akaenda kuizoesha peke yake, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Jua lilikuwa limelala upande, vumbi la mteremko limegeuka rangi ya asali. Kisha akampandisha mama. Kaka mkubwa alikuwa langoni, mikono nyuma.

Walishuka kama kitu cha ndotoni. Nguo za mama zilijaa upepo, uso ameuinua, injini inanong'ona tu. Nikaona mguu wa Sindano unashuka kwenye pedeli, na pikipiki ikapungua, ikapungua, ikatulia mbele ya lango bila kokoto kuruka.

Mama hakushuka. Alikaa vilevile, amemshika mwanawe, kichwa ameinamisha pembeni akisikiliza.

"Mbona hatufiki?"

"Tumefika, mama."

Akanyoosha mkono hewani hadi ukagusa lango. Akalipapasa chuma chake, juu, chini, juu tena. Kaka mkubwa akasogea kumshusha.

"Ngoja kwanza," mama alimwambia. "Nilikuwa nasubiri majani, kwa hiyo mwisho sikuuona. Sindano, nirudishe juu."

Kaka akarudi nyuma, akawapisha wageuze.