Mkanda wa Mama Filemoni

Saa mbili asubuhi imeshatimia, na ukungu wa Kitangari haujainuka bado. Ndani ya Pijo 404 ya mwaka 1968, Dorika Nandonde amekaa kiti cha abiria, kafumba macho. Asiyemjua atasema fundi kalala kazini. Thubutu! Anasikiliza.

Anaushika mkanda wa usalama alioufunga mwenyewe wiki iliyopita, anauvuta polepole. Hautoki. Anauachia, anauvuta tena kwa kuubembeleza, kama mtu anayemtoa mbuzi mgeni bandani. Mkanda umegoma.

Mlangoni mwa nyumba, Mama Filemoni anamtazama, mikono kaikunja kifuani. Kesho mjukuu wake wa kwanza anapata kipaimara Masasi, na bibi huyu amesema wazi kwamba bila mkanda haendi. Hapandi.

Si ukaidi. Miaka tisa iliyopita, mumewe alifunga breki ghafla kwenye mteremko wa kwenda Masasi ili asigonge mbuzi. Gari hilohilo, kiti hichohicho, na enzi hizo halikuwa na mkanda hata mmoja. Mama Filemoni alirushwa mbele, akapasuka kwenye paji la uso. Kovu lipo mpaka leo. Tangu siku ile hajakanyaga Masasi. Harusi mbili za wanawe na msiba wa dada yake vilipita, yeye yuko huku juu Kitangari, anasimuliwa.

Mumewe, Mzee Gasper, mkulima wa korosho, hakulala vizuri miaka yote hiyo. Gari hakuliuza, maana alilirithi kwa kaka yake, lakini alikuwa akiliendesha peke yake. Mwaka huu aliposikia kwamba Masasi yuko mwanamke anayefunga mikanda ya kisasa kwenye magari ya zamani, ile inayovutika na kujirudisha yenyewe, alishuka nalo siku ileile.

Dorika ana miaka arobaini na moja, ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka kumi na tano ameshona viti vya magari. Siku ikiwa njema anaondoka na elfu ishirini na tano. Nje ya msimu wa korosho, wiki nzima inaweza kupita akishona mabegi ya shule. Gari lake mwenyewe hana, wala baiskeli. Lakini mwulize amefika wapi, atakucheka. Kila gari likiingia uani kwake, hukaa kwenye kiti alichokishona, akafumba macho, na gari likaondoka naye.

"Nimefika Lindi, nimefika Songea, nimevuka mpaka Msumbiji," anasema. "Yote hiyo gari limeegeshwa. Nikiona safari haiji, najua kuna kitu nimekosea kwenye kiti."

Mikanda aliianza miaka minne iliyopita. Anaitoa kwenye magari madogo yaliyokwisha kazi ambayo bado mikanda yake ni mizima, anaikagua uzi kwa uzi, anachomelea chuma kinene ndani ya nguzo ya mlango ili bolti isije ikang'oka na bati, kisha anafunga kile kiboksi kinachoukunja mkanda. Ndani ya kiboksi mna kigololi. Gari likisimama ghafla, kigololi kinaruka na mkanda unakaza. Lakini kiboksi nacho kikiinama kupita kiasi, kigololi kinabingirika chenyewe, na mkanda unadhani ajali imetokea.

Hapo ndipo fundi wetu alipojikwaa. Nguzo ya Pijo imelala zaidi kidogo kuliko ya gari ulikotoka mkanda. Dorika alikipimia kiboksi kwa jicho, kwenye uwanja wake wa saruji, na pale ulivutika vizuri kabisa. Hakuuliza gari linalala wapi. Mzee Gasper analilaza uani kwake, na ua wenyewe umeinama kuelekea bondeni. Ule mwinamo mdogo wa nguzo ukaongezewa wa ua wa Kitangari, basi, habari ikaishia hapo.

Alhamisi, Mama Filemoni alivaa kitenge kipya, akakaa, akavuta. Akavuta tena. Akashuka, akaingia ndani. Baadaye alimwambia mumewe kwamba gari lenyewe halimtaki, na kwamba yeye amechoka kujipa matumaini. Mzee akapiga simu Masasi, akamsimulia fundi yote. Dorika anasema aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ndiyo maana leo Jumamosi yuko hapa. Anashuka garini, anakwenda mpaka mlangoni, anapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu, si la gari. Niliamini jicho."

"Marahaba, mwanangu," anajibu Mama Filemoni, na kwa mara ya kwanza anakunjua mikono. Anamuuliza anahitaji nini. Dorika anaomba chupa ya maji iliyojaa nusu, iwe pimamaji yake.

Gari linasukumwa mpaka barabarani, mahali palipo tambarare. Dorika anaibandika chupa ubavuni mwa kiboksi na kumwomba Mama Filemoni aishike. Mama aliyebeba ndoo kichwani tangu utoto hahitaji kufundishwa maji yakilala sawa yanakuwaje. Yeye ndiye anayesema bado, inua, umezidisha, rudisha. Dorika anakata kipande cha chuma, anakipiga tupa, anakipachika, anakaza. Inawachukua mpaka adhuhuri.

Gari linarudishwa uani, kwenye mwinamo uleule. Mama Filemoni anaingia, anavuta. Mkanda unakuja. Anauachia, unarudi wenyewe, taratibu. Anauvuta mara saba, Dorika anahesabu kimoyomoyo, kisha Mama Filemoni anasema kesho wanakwenda, ila kwa sharti moja: fundi akae nyuma yake.

Jumapili alfajiri wanaondoka, na Dorika anasafiri macho wazi. Mashamba ya mikorosho yanaelea kwenye ukungu pande zote mbili. Mteremko unapoanza, Mama Filemoni anaegemeza kiganja kwenye dashibodi. Kwenye kona ya pili mwendesha baiskeli anachomoza. Mzee anafunga breki. Mkanda unakaza, kak, na Mama Filemoni anabaki palepale alipo.

Gari linaendelea kushuka. Baada ya muda ule mkono unatoka kwenye dashibodi, unalala pajani.

Dorika anaeleza mipango yake kwa sauti ya chini. Hatakabidhi tena gari kabla hajaona linapolala. Anataka anunue drili ya betri, azunguke nayo Chilangala, Newala mjini, Chiwata, akafungie mikanda majumbani kwa watu, maana magari ya zamani huku hayajaisha na wake za watu wanaokaa mbele hawajaisha pia.

Anamuuliza Mama Filemoni kama anaona watawahi misa. Hajibiwi. Mzee Gasper anageuza shingo kidogo, anamtazama mkewe, kisha anaweka kidole mdomoni. Bado kona nne wafike chini, na Mama Filemoni amelala usingizi.